Kuhama Nyumba Maua: Usitafute Kampuni Mwaminifu, Tafuta Daftari

Leo tuyaache kidogo mambo ya programu na seva. Au tuseme hatuyaachi, tunayapandisha kwenye lori tuyapeleke barabarani.

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali moja. Wa kwanza ni mwalimu aliyehamishiwa shule ya huku Igembe kutoka Kiambu. Wa pili ni kijana wa benki anayetoka Maua kwenda Embu. Wa tatu ni mama mwenye duka la nguo, ambaye mwenye nyumba amemwongezea kodi akaamua kutafuta kwingine. Wote waliuliza: "Wewe mtu wa kompyuta, unaijua kampuni ya kuhamisha vyombo inayoaminika?"

Nadhani wananiuliza mimi kwa sababu wanaamini mtu wa kompyuta ana orodha ya siri aliyoificha ndani ya intaneti. Sina. Na hata ningekuwa nayo, ningesita kuitoa, kwa sababu naona swali lenyewe limekaa vibaya. Uaminifu wa mtu huwezi kuupima kwa kumtazama usoni, wala kwa kutazama picha za lori lake kwenye Facebook. Unachoweza kufanya ni kuipanga kazi kwa namna ambayo hata asiyekuwa mwaminifu hapati faida kwa kukudhulumu. Hayo ndiyo maoni yangu, na makala nzima ni kuyatetea.

Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuwa na kompyuta, lakini hapo walizungumza kama watengeneza programu.

Hali ilivyo hapa kwetu

Kwanza tukubaliane kuhusu hali halisi. Maua si Nairobi. Ukitembea kutoka hospitali ya Methodist mpaka stendi utaona maduka ya simu, ya mbolea, ya vyakula na mabenki, lakini huoni safu ya kampuni za kuhamisha watu. Anayehama ana njia nne hivi: mwenye Canter au pikapu anayeegesha karibu na stendi, kampuni ya Nairobi anayoiona mtandaoni, dalali anayesema "niachie mimi, nitakupatia gari", au jirani mwenye lori ambaye ni mtu wa nyumbani.

Kuna jambo moja la hapa ambalo wageni hawalijui na linafaa mfuko wao. Miraa hutoka Maua, Kangeta, Laare na Mutuati kila siku, kwa haraka, kwa sababu ikichelewa siku mbili imeharibika na bei yake imekwisha. Kwa hiyo kila siku kuna magari yanayoshuka Nairobi yakiwa yamejaa, na mengi hupanda kurudi yakiwa matupu. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipofunga soko kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, biashara iliyumba sana, lakini kanuni haikubadilika: gari halili nyasi, na mwenye gari tupu hubeba chochote kinacholipa mafuta.

Maana yake ni hii. Anayehama kutoka Nairobi kuja Maua ana nafasi ya kupata bei nafuu kuliko anayehama kutoka Maua kwenda Nairobi, kwa sababu anapanda gari ambalo lingerudi tupu. Ukiambiwa bei ni ile ile pande zote mbili, uliza kwa nini.

Ila kila unafuu una upande wake wa pili. Dereva aliyekesha akishusha miraa, kisha akapakia kabati lako asubuhi, ni dereva mwenye usingizi. Na njia yetu haisamehe usingizi. Ukipitia Embu na Chuka kuja Meru, unapita daraja la Nithi, ambapo Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Hivyo ukipata gari la kurudi, swali lako la kwanza lisiwe la bei. Muulize dereva: "Ulilala saa ngapi?"

Yaliyompata binamu yangu

Nitoe mfano mmoja ili tusizungumze hewani. Binamu yangu ni muuguzi. Alipata kazi huku juu, akawa anahama kutoka Nairobi na mtoto wake. Alipata kampuni mtandaoni: picha za malori ya buluu, vijana wenye sare, maneno mazuri. Wakakubaliana kwa simu Sh28,000. Akatuma nusu kwa M-Pesa, kwa namba ya mtu binafsi.

Siku ya kuhama lori la buluu halikuja. Ilikuja Canter nyeupe isiyo na jina lolote, na vijana wawili bila sare. Ile kampuni ilikuwa imeiuza kazi kwa mtu mwingine na kubaki na chake. Vyombo vikapakiwa, binamu akatangulia kwa matatu na mtoto ili afungue nyumba.

Saa kumi jioni simu ikalia. Gari lilikuwa limesimama kwenye kituo cha mafuta, limeshapita Embu. "Dada, mizigo ni mingi kuliko ulivyosema. Ongeza elfu kumi na mbili, ama tushushe hapa."

Hebu jiweke mahali pake. Uko kwenye nyumba tupu, mtoto anataka kula na kulala, godoro liko kilomita zaidi ya mia moja kutoka ulipo. Ungefanya nini? Alilipa. Gari likafika saa tano usiku. Asubuhi akagundua mtungi wa gesi haupo, na katoni moja ya vyombo vya jikoni haipo. Akampigia utingo. Jibu: "Hakukuwa na mtungi, dada."

Na hapo ndipo mazungumzo yalipofia. Hakukuwa na karatasi hata moja duniani iliyosema kwamba mtungi ulipanda kwenye gari. Lilikuwa neno lake dhidi ya neno la utingo.

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema, "Kampuni ilikuwa ya matapeli." Labda. Lakini mimi nikikichambua kama ninavyochambua programu iliyoharibika, naona mashimo manne: aliyekuja siye aliyeajiriwa, bei ilikuwa ya mdomo, malipo hayakufungwa kwenye hatua za kazi, na vyombo havikuhesabiwa. Mtu mwaminifu kabisa akipita kwenye mashimo hayo manne, bado kuna siku jaribu litamshinda. Ukiyaziba, hata mjanja anakosa pa kuingilia.

Kwa nini wazuri hawaonekani

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake kwa lugha ya stendi ni hii: mnunuzi hawezi kutofautisha gari zima na gari bovu, kwa hiyo hutoa bei ya katikati. Bei hiyo humfaa mwenye gari bovu na kumuumiza mwenye gari zima. Mwenye gari zima hujiondoa sokoni. Wanabaki wabovu. Hoja hiyo ilichangia kumpa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001.

Sasa tazama soko letu la kuhamisha vyombo. Dereva mwenye turubai zima, kamba nzuri, mablanketi ya kufunikia friji na vijana anaowalipa vizuri, anataka Sh35,000. Mwingine asiye na hata kamba anasema Sh22,000 kwenye simu, akijua atamalizia zilizobaki njiani. Wewe unasikia namba mbili tu. Unachukua ya chini. Yule mzuri analala njaa wiki nzima, na wiki inayofuata anaacha kazi hiyo akabebe viazi.

Kwa hiyo ninaposema tudai daftari, siwatetei wateja peke yao. Namtetea pia yule dereva mzuri. Daftari ndilo linalomtofautisha. Yeye akisikia "tuhesabu vyombo na tutie sahihi" anafurahi. Mwenzake atakumbuka ghafla kwamba ana safari nyingine.

Lakini si tutengeneze app yenye nyota?

Hili nimeombwa. Rafiki yangu mmoja wa Meru mjini alitaka nimtengenezee programu ya simu ambayo wateja watawapa wenye malori nyota moja hadi tano. Nilimkatalia, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, nyota hufanya kazi palipo na marudio mengi. Dereva wa teksi hubeba watu kumi kwa siku, kwa hiyo baada ya mwezi una hesabu yenye maana. Mtu wa kawaida huhama mara moja kwa miaka kadhaa. Mwenye Canter wa Maua anaweza kuhamisha familia mbili au tatu kwa mwezi, siku nyingine akabeba simiti na mahindi. Nyota sita zilizoachwa na watu sita, ambao pengine wanne ni shemeji zake, si takwimu. Ni salamu za arusi.

Pili, jina hubadilishwa kwa dakika tano. Ukurasa ukichafuka, unafunguliwa mwingine wenye picha zile zile za malori ya buluu.

Tatu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa za mwaka jana hazikuhakikishii kazi ya leo, hasa ikiwa kazi inauzwa kwa mtu mwingine asubuhi ya safari.

Nne, hizo programu zenyewe hufa. Sendy ya Nairobi ilikuwa moja ya kampuni za teknolojia zilizosifiwa sana Kenya. Iliunganisha wenye mizigo na wenye pikipiki, pikapu na malori, na Januari 2020 ilitangaza kupata mtaji wa dola milioni 20. Mwaka 2023 ikafunga kazi. Siandiki haya kuwacheka. Walijaribu jambo gumu. Lakini jiulize: dereva aliyejenga sifa yake miaka mitano ndani ya hifadhidata ya kampuni nyingine, sifa hiyo iko wapi leo? Sifa iliyohifadhiwa kwenye seva ya mtu mwingine ni sifa ya kupanga, kama nyumba. Mwenye nyumba akifunga, unatoka.

Daftari halifungi ofisi.

Wazo la kuhesabu pande mbili

Nieleze jambo moja la ufundi, halafu nirudi kwenye sufuria na magodoro.

Ukipakua programu kubwa kutoka kwenye tovuti, mara nyingi pembeni kuna mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Huo ni matokeo ya hesabu iliyofanywa juu ya faili lote kabla halijatumwa. Likifika kwako, kompyuta yako inafanya hesabu ile ile. Majibu yakilingana, faili limefika zima. Yasipolingana, kuna kilichopotea au kuchezewa njiani. Hapo humuulizi mtu kama ni mwaminifu. Huhitaji kujua faili limepita seva ngapi wala zinamilikiwa na nani. Unahesabu mwanzo, unahesabu mwisho, unalinganisha.

Si wazo geni kwetu. Majahazi yaliyopita pwani yetu kwa pepo za kaskazi na kusi yalikuwa na nahodha wa kuendesha chombo na karani wa kuandika mizigo. Nahodha anaweza kuwa mtu mwema kuliko wote, karani anaandika vilevile. Kuandika hakukuwa tusi kwa nahodha.

Basi kuhama nyumba ni kutuma faili kubwa kwa barabara mbovu. Hivi ndivyo ningefanya, na ndivyo nilivyowaambia wale watu watatu.

1. Jua nani anakuja. Kabla ya kutuma hata shilingi, omba namba ya gari na picha ya gari lenyewe. Kwa kutumia akaunti yako ya eCitizen unaweza kutafuta rekodi za gari kwenye huduma za NTSA kwa ada ndogo, ukaona limesajiliwa kwa jina la nani. Jina la biashara nalo linaweza kutafutwa kwenye huduma ya usajili wa biashara hapo hapo eCitizen. Halafu linganisha majina matatu: la mwenye gari, la biashara, na lile linalotokea kwenye M-Pesa kabla hujathibitisha malipo. Majina yakitofautiana si lazima awe tapeli, gari linaweza kuwa la kaka yake. Lakini anapaswa kuwa na maelezo, na maelezo yaje kabla ya pesa. Siku ya safari likija gari jingine, usipakie hata kijiko mpaka umeelezwa.

2. Bei iandikwe, pamoja na kilichomo. Mwite aje aone vyombo, au mtumie video ya kila chumba. Kisha kwenye ujumbe wa simu iandikwe: vyumba vingapi, ghorofa ya ngapi, wapakiaji wangapi, nani analipa vijana wa kushusha, gari litasimama umbali gani na mlango. Wengi hawajui kwamba sheria yetu ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 ina kipengele kuhusu makadirio ya bei: mtoa huduma aliyekupa makadirio haruhusiwi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake. Marekani nako, ambako mchezo wa kuteka vyombo umewaumiza watu wengi, kanuni za serikali kuu kwa safari za kutoka jimbo moja hadi jingine zinasema kwamba kama makadirio si ya lazima, kampuni haiwezi kukudai zaidi ya asilimia 110 ya makadirio hayo ndipo ikupe vyombo vyako. Lakini sheria haina meno kama bei yenyewe ilitajwa kwa mdomo. Asilimia 10 ya nini?

3. Daftari la vyombo. Hapa ndipo penye uzito. Kila katoni, kila gunia, kila kiti kinapewa namba kwa kalamu ya wino mzito. Daftari lina safu tano: namba, kitu, hali yake, kimepanda, kimeshuka. Kwenye hali andika ukweli: "friji, mkwaruzo mlangoni kushoto." Mkimaliza kupakia, andika jumla chini, tuseme vitu 64, wewe na dereva mtie sahihi. Piga picha ukurasa huo na uutume kwa WhatsApp kwa dereva na kwa ndugu yako mmoja. Sasa kuna nakala tatu zenye saa na tarehe, na hakuna anayeweza kuzibadilisha zote. Mkifika, dereva na wewe mnahesabu tena kabla ya malipo ya mwisho. Kama ni 63, mnajua wote wawili, pale pale, gari likiwa bado mlangoni.

4. Pesa zifuate hatua za kazi. Usilipe zote mwanzo. Lakini pia usimwambie dereva asubiri zote mwisho, kwa maana naye ana hofu yake: kuna wateja wanaoshusha vyombo kisha wakafunga geti. Gawa mara tatu. Amana ndogo ya kushika siku. Ya pili, ya mafuta, mkishatia sahihi kwenye daftari. Iliyobaki baada ya kuhesabu upande wa pili. Kama hamjuani kabisa, zile za mwisho mwekeni mtu wa katikati anayejulikana na pande zote, mwenye duka au mzee fulani, azitoe akipata neno la wote wawili. Huku kwenye biashara ya miraa si ajabu mali kutoka leo na pesa kurudi kesho kwa mkono wa mtu wa tatu. Tunaujua ustadi huo, hatujautumia tu kwenye makabati. Na usijidanganye kwamba utarudisha malipo kwa kusambaza ujumbe kwenda 456. Huduma hiyo ipo kwa aliyekosea namba, si kwa aliyekosana na mtu.

5. Bima. Dereva atakuonyesha cheti cha bima kwenye kioo. Vizuri, lakini bima ile ya lazima kisheria ni kwa ajili ya watu wanaoumizwa na gari. Haihusu televisheni yako. Mali iliyo safarini ina bima yake tofauti. Uliza: "Una bima ya mizigo?" Wengi wa hapa watasema hapana, na hilo si kosa la jinai. Lakini sasa unajua kwamba vitu vya thamani usivipandishe.

6. Mchana, na mtu ndani ya gari. Ondokeni alfajiri ili mfike kukiwa na mwanga wa kuhesabia. Kama nafasi ipo kwenye kabini, ndugu mmoja akae mbele, si juu ya mizigo. Kama haipo, dereva awashe kuonyesha mahali alipo kwenye simu. Si kumchunga kama mwizi. Ni ili ujue kama amekwama Nkubu au amelala Embu.

7. Kompyuta na karatasi zako beba mwenyewe. Hapa nazungumza kama mtu wa fani. Kompyuta, diski za nje, hati ya shamba, vyeti vya shule, dawa. Televisheni ikivunjika utanunua nyingine. Picha za marehemu baba zilizomo kwenye diski hazinunuliwi. Fanya nakala usiku wa kabla ya safari na nakala hiyo isipande gari moja na ya awali.

"Lakini sisi huku tunaaminiana"

Hoja hii nimeisikia kutoka kwa mzee mmoja ninayemheshimu, na sitaki kuipita kwa kejeli. Alisema: "Kijana, huku dereva ni mtoto wa fulani. Akiniibia, nitakwenda kwa baba yake. Wewe unaleta makaratasi ya Wazungu."

Mzee ana haki kwa sehemu. Kuaminiana kwa kujuana kuna nguvu, na nguvu yake inatokana na jambo moja: mtu huyo utamwona tena kesho. Ana jina la ukoo la kulinda. Ukihama kutoka mtaa mmoja wa Maua kwenda mwingine kwa mkokoteni au pikapu ya jirani, inatosha.

Haitoshi kwa mambo mawili. La kwanza, safari ndefu huwa na watu usiowajua. Dereva ni mtoto wa fulani, lakini wale vijana wawili wa kushusha waliokotwa stendi asubuhi. La pili, na hili ndilo zito zaidi, kujuana hufanya iwe vigumu kudai haki. Friji ya jirani yangu ilipovunjwa mlango na mpwa wake mwenye pikapu, hakusema neno. Angesemaje? Wanakaa meza moja kwenye arusi na matanga. Alinyamaza, lakini hakusahau, na mpaka leo salamu zao zina baridi. Kama pangekuwa na karatasi inayosema "mlango mzima wakati wa kupanda", jambo lingezungumzwa na karatasi, si na undugu.

Na usisahau daftari linamlinda aliye chini kabisa. Kijana wa kupakia ndiye wa kwanza kuitwa mwizi pete ikipotea, hata kama pete ilisahauliwa kwenye dirisha la nyumba ya zamani. Daftari lililotiwa sahihi linamwambia polisi: alipokea vitu 64, akakabidhi vitu 64. Kwa mtu asiye na wakili, ukurasa huo ndio wakili wake.

Mambo yakiharibika hata hivyo

Yanaweza kuharibika. Hapo daftari linageuka kuwa ushahidi. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Ukifika na sahihi mbili, picha zenye saa, na ujumbe wa bei, hakimu ana kitu cha kusoma. Ukifika na machozi peke yake, atakuhurumia, lakini huruma hairudishi mtungi wa gesi.

Kwa watengeneza programu wenzangu

Mnaotaka kujenga kitu kwa ajili ya jambo hili, msijenge nyota. Jengeni kitu cha kuhesabu pande mbili: ukurasa mwepesi, unaofanya kazi bila mtandao, unaotoa namba, kupokea picha, na kuacha nakala kwenye simu ya mteja na simu ya dereva, si kwenye seva yenu pekee. Na msikusanye picha za vitambulisho vya watu mkazirundika ovyo. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019.

Mimi nilitengeneza fomu ndogo ya namna hiyo, nikampa yule mama wa duka la nguo. Aliitazama kwa adabu, akanirudishia simu, akamtuma mtoto alete daftari la shule. Akachora mistari kwa rula. Alihama Jumamosi: vitu 41 vilipanda, vitu 41 vilishuka. Dereva alipata pesa yake yote saa hiyo hiyo, akaomba picha ya ule ukurasa ili amwonyeshe mteja wake anayefuata.

Nimefuta fomu yangu. Ule ukurasa wake nimeubandika ukutani juu ya meza ya kazi.